Nimetoa jenereta kubwa chomboni, nimefunga ndogo: uzoefu wangu wa miezi 14

Jenereta ya zamani ya chombo cha tanga tunamoishi ilikufa mwezi wa Mei, katikati ya masika. Jua lilikuwa halijaonekana siku ya nne, friza ina kilo 25 za nguru, na taa za kabini zimefifia kwa betri kuisha. Nikapiga stata, haikushika. Nikapiga tena, na tena, labda mara kumi, kila mara sekunde kumi na tano hivi. Mara ya mwisho ikagota, ikanyamaza. Nikajua hapo hapo kwamba si betri.

Asubuhi yake mzee fundi alikuja kwa mtumbwi. Akatoa nozeli zote tatu, akazungusha shafti kwa spana, na maji ya chumvi yakaruka hadi kwenye dari. Akanitazama akasema, "Mwanangu, hii haikufa kwa uzee. Umeinywesha bahari."

Tunaishi chomboni mwaka wa sita sasa, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa, kwenye mkondo wa Kilifi, pwani ya Kenya. Chombo ni cha futi 43, cha faibaglasi, milingoti miwili. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja pepo zikitulia tunapeleka wageni Lamu na Kiwayu, na kaskazi ikishika tunashuka nayo hadi Wasini. Kwa hiyo umeme kwetu ni chakula cha wageni, maji ya kunywa na kazi ya shule ya mtoto. Nilitaka nisikosee mara ya pili.

Mashine iliyokufa ilikuwa ya kVA 8 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta), silinda tatu, mizunguko 1500 kwa dakika, uzito karibu kilo 290. Wenye chombo wa kwanza waliifunga kwa sababu walikuwa na jiko la umeme na kiyoyozi. Sisi tunapikia gesi, na kiyoyozi kilishatolewa kabla hatujanunua. Jenereta ikabaki. Nami kwa miaka ile yote nilijivuna kuwa na mashine kubwa, bila kujiuliza inafanya kazi gani.

Mzee ndiye aliyeniambia nipime kwanza kabla ya kutaja bei ya chochote. Nikapima wiki mbili kwa jenereta ya kuazima. Jibu liliniuma. Kwa siku tulikuwa tunatumia kama kilowati-saa tatu tu, friza ikiwa ndiyo mlaji mkubwa. Chaja yetu ya zamani ilikuwa ya ampea 40 kwa volti 12, maana yake jenereta yenye uwezo wa kilowati sita na zaidi ilikuwa inanguruma saa nne kila siku kubeba mzigo wa wati mia saba hivi. Moja ya kumi ya nguvu zake! Na betri zilikuwa za asidi, ambazo zikishapita asilimia 80 hupokea umeme kwa uchache, hata uwe na jenereta kubwa namna gani. Saa mbili za mwisho kila siku tulikuwa tunachoma dizeli bure.

Dizeli haipendi kuzembea. Injini isiyopewa mzigo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye nozeli na kwenye bomba la moshi, na kuta za silinda zinang'aa kama kioo hata ringi zisishike tena. Mgandamizo unashuka, na injini inaanza kuwa nzito kuwaka. Hapo ndipo unapojikuta unapiga stata mara kumi. Kila stata inapozungusha injini, pampu ya maji ya bahari nayo inazunguka, ikimwaga maji ya kupoza ndani ya bomba la moshi. Injini isipowaka hakuna moshi wa kuyasukuma maji nje, basi yanajaa kwenye sanduku la silensa, yanapanda bombani, yanarudi hadi kwenye vali. Yangu iliuawa na vitu viwili vilivyoshikana mikono: ukubwa usio na kazi, na mkono wangu usiojua kufunga koki ya maji.

Wapo walionishauri niachane na jenereta kabisa nijaze sola. Nilitamani. Lakini anayeishi pwani hii anajua masika na mwanzo wa kusi: unaweza kukaa wiki nzima chini ya wingu. Mwingine akasema nichukue ya petroli ya kubeba mkononi niiweke sitahani. Hiyo niliikataa bila kufikiri sana, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unateremka hadi ndani ya ngama, tumboni mwa chombo, na kukaa huko ukingoja cheche. Sitalaza mtoto juu ya kitu hicho.

Tulichofunga ni hiki. Jenereta ya kVA 5, injini ni Kubota Z482, silinda mbili, 479 cc, mizunguko 3000 kwa dakika, umeme wa volti 230 na hezi 50. Ndani ya boksi lake la kuzuia kelele ina kilo 150 hivi. Betri za lithiamu za chuma na fosfeti, ampea-saa 400 kwa volti 12. Chaja na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 230) pamoja ni Victron MultiPlus ya VA 3000, ambayo inaweza kuchaji kwa ampea 120, nami nimeiwekea kikomo cha 100. Sola ilikuwepo, tukaiongeza ikafika wati 640 juu ya shetri, nyuma ya chombo.

Ukiwasha sasa, chaja inabeba kilowati moja na nusu, mashine ya kusafisha maji ya bahari nyingine moja na nusu. Jumla ni kilowati tatu kati ya nne ambazo jenereta inaweza kutoa. Jenereta inafanya kazi kweli, inapata joto lake, inamaliza na kuzimwa. Masika haya tuliwasha saa moja na nusu hadi mbili kwa siku badala ya nne. Kaskazi tunawasha kila baada ya siku tatu, na hapo ni kwa ajili ya maji zaidi kuliko betri. Dizeli iliyokuwa inatutoka lita sita kwa siku sasa haifiki tatu hata wingu liwe zito vipi. Mke wangu, ambaye hajali kVA wala ampea, alisema kitu kimoja tu wiki ya kwanza: jioni ameweza kusoma na binti bila kupaza sauti.

Kuitoa ile ya zamani kulichukua siku tatu. Tulisubiri bamvua, siku za maji makuu, ili maji yakijaa sitaha ilingane na gati. Kabla yake tulitenganisha alternata na injini, tukafungua kipozeo cha maji na bomba la moshi, maana yote pamoja haikupita mlangoni. Mti wa tanga kuu tuliusaidia kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) ya akiba usije ukavunjika, tukatundika kapi, watu wanne tukavuta taratibu hadi mzigo ukatua juu ya mbao. Chini ya mashine tulikuta mbao za msingi zimeloa oili ya miaka, laini kama mkate. Tukazikata, tukaweka za mvule, tukazifunika kwa resini na kupaka rangi nyeupe ili hata tone moja la oili lionekane.

Kisha ikaja kazi ya bomba la moshi, na hapa naomba msomaji asinipite. Jenereta yetu imekaa chini ya mstari wa maji. Ina maana bahari muda wote inatafuta njia ya kuingia ndani ya injini, na kinachoizuia ni mpangilio wa mipira tu. Sanduku la silensa lazima liwe chini kuliko injini, tena liwe na nafasi ya kupokea maji yote yaliyo ndani ya mpira unapozima. Mpira wa maji ya bahari, kabla haujaingia kwenye kiwiko cha moshi (pale maji yanapochanganyika na moshi), lazima upande juu ya mstari wa maji hata chombo kikiwa kimelala upande, na kileleni uwe na kivali cha hewa kinachokata mnyonyo. Kivali chetu cha zamani kilikuwepo, lakini kimezibwa na chumvi kabisa. Sasa nakifungua kila miezi mitatu nakiosha kwa maji yasiyo na chumvi. Na kwa stata nina sheria: isiposhika mara mbili nafunga koki ya bahari, nikitafuta ugonjwa nautafuta koki ikiwa imefungwa, na nikisikia imeshika nafungua papo hapo.

Mzee alinifanyia bomba lote upya kwa siku mbili, na kila kona aliniita nitazame. "Njoo uone, maana usiku mimi sitakuwepo." Hapo ndipo pesa yangu iliponitendea haki zaidi kuliko popote.

Kuhusu injini yenyewe sina lawama. Haina kompyuta, pampu ya dizeli ni ya kimekanika, na fundi yeyote anayejua dizeli ndogo anaielewa. Filta ya oili niliipata Mombasa dukani, siku ile ile. Inawaka kwa mguso mmoja, mradi uipe sekunde zake za kupasha plagi.

Lawama zangu ni kwa aliyeiunganisha na kuivika boksi. Pampu ya maji ya bahari imeelekezwa upande wa ukuta, kwa hiyo kubadilisha impela (kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ndani ya pampu) ni kazi ya kuingiza mkono bila kuona. Na impela kwetu haikai: mvua zikija mkondo unajaa tope la mito, na tope ni kama msasa kwa mpira. Nimebadilisha tatu kwa miezi 14. Mwishowe nilikata dirisha kwenye ukuta wa kabati la nyuma, sentimita ishirini kwa ishirini, na sasa kazi ya saa moja imekuwa ya dakika kumi. Ukinunua, uliza picha ya mahali impela ilipo kabla hujalipa. Pia mizunguko 3000 ina sauti kali kuliko 1500. Boksi linasaidia, lakini anayelala kabini ya nyuma ataisikia.

Gharama: jenereta, usafiri na kodi ilikaribia shilingi milioni moja na laki mbili za Kenya. Betri, chaja na sola zilikula karibu kiasi hicho hicho, nazo tulizinunua kwa awamu. Wakala aliyetusaidia kutoa mzigo bandarini alituchelewesha wiki tano kwa karatasi moja ambayo angeiuliza siku ya kwanza, na ada ya kuhifadhi mzigo ikawa juu yetu. Weka akiba ya jambo kama hilo.

Usisahau kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu iliyomo kwenye moshi. Tumefunga mbili, moja kabini ya binti, moja karibu na ngazi, kwa sababu upepo wa nyuma huweza kurudisha moshi ndani hata bomba likiwa zima. Moja ililia usiku wa Desemba tukiwa tumetia nanga Wasini. Klipu ya mpira wa moshi ilikuwa imelegea kwa mtetemo. Tulizima, tukafungua milango yote, tukakaa juu hadi alfajiri. Tangu hapo klipu ni mbili kila ncha, na nazikaza kila saa 50 za kazi. Kipimo leo kinasoma saa 312.