Mfuko wa bayogesi: kichujio cha stiliwuli sawa, cha chokaa hapana

Mfuko wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi, wa mita 6 za ujazo unatosha boma la Nakuru au Kisumu lenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini. Mchanganyiko ndani yake huchukua takriban lita 4,000. Ukitia kilo 40 za samadi mbichi na lita 40 za maji kila siku, mchanganyiko hukaa humo siku 50 hivi, na gesi hupika saa tatu hadi nne kwa jiko moja. Nakuru usiku una baridi na bakteria wanaotengeneza gesi huzembea, kwa hiyo mfuko uzikwe nusu mtaroni, ufunikwe kwa karatasi ya grinihausi.

Gesi ya kwanza haiwaki, maana ni hewa na kaboni dayoksaidi. Iachilie nje. Bomba la gesi literemke kuelekea mtego wa maji, chombo cha kukusanya maji yanayotoka kwenye gesi, la sivyo moto utarukaruka. Ng'ombe anayetibiwa matiti kwa antibiotiki, samadi yake isiingie: dawa huua bakteria. Maganda ya viazi yakizidi, mchanganyiko huwa mchachu na moto huzimika. Acha kuulisha mfuko siku kadhaa, kisha anza na samadi tupu kidogo kidogo.

Wauzaji huongeza vichujio viwili. Cha stiliwuli (nyuzi za chuma za kusugulia sufuria) iliyoshika kutu, nunua bila kusita: hunasa haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu inayonuka yai bovu na kula vyuma vya jiko. Ikigeuka nyeusi, itoe, ianike nje mbali na moto kwa sababu hupata joto. Hurudi kuwa nyekundu na kutumika tena, ingawa si milele.

Cha chokaa, cha kuondoa kaboni dayoksaidi, ni hasara. Kilo moja ya chokaa iliyozimwa, yaani iliyotiwa maji, hunasa takriban gramu 590 tu za kaboni dayoksaidi. Kwa gesi ya samadi kilo 40, utamaliza karibu kilo moja na nusu ya chokaa kila siku. Halafu chokaa hiyo, hata ikitoka hapo Koru, kaunti ya Kisumu, ilipatikana kwa kuchoma mawe ambayo yalitoa kaboni dayoksaidi ileile unayoinasa, pamoja na moshi wa kuni au makaa ya tanuri. Usafishaji huo una maana kwa anayeshindilia gesi kwenye mitungi, naye hutumia maji yenye shinikizo. Jiko la bayogesi lenye matundu mapana huchoma methani, sehemu ya gesi inayowaka, vizuri hata asilimia 40 ya gesi ikiwa kaboni dayoksaidi.