Clank! nyumbani kwetu Lubumbashi: joka, makelele na tamaa

Niseme mapema: Clank! ni mchezo wa mezani, na ni mchezo wa tamaa. Unashuka shimoni, unaiba mali ya joka, unapanda utoke. Aliyetoka na hazina ndogo anaweza kumshinda aliyebaki chini akiitafuta kubwa, na jambo hilo limegeuza meza yetu hapa mtaani Bel-Air kuwa uwanja wa kesi. Binamu yangu anayeishi Ndola, Zambia, ndiye aliyetuletea sanduku, likapita mpakani Kasumbalesa katikati ya nguo na mifuko ya unga. Kwa hiyo bei sikuilipa. Mjini hapa sijaona duka linaloliuza. Mwenye kulitaka ataagiza nje au atafute mtu wa kumbebea.

Mchezo huu ulibuniwa na Paul Dennen, ukatoka mwaka 2016, kwa wachezaji 2 hadi 4. Ni katika ukoo wa ile michezo ya kujenga fungu la karata iliyopata umaarufu kwa Dominion ya mwaka 2008: kila mtu anaanza na karata 10 zilezile, dhaifu, na kila zamu anashika 5, anazicheza zote, ananunua nyingine zenye nguvu ambazo zitamrudia mkononi baadaye. Tofauti ni kwamba hapa kuna ubao wa mapango, na karata zako ndizo miguu yako. Alama ya kiatu inakusogeza chumba kimoja, panga zinapigana na wadudu na mashetani waliomo, ujuzi ndio unaonunua karata mpya. Ukikosa viatu mkononi, unakaa ulipo hata kama joka linakupumulia kisogoni.

Sasa makelele. Kila mchezaji ana vipande vidogo vya mbao vya rangi yake. Kuna karata zinazokufanya ujikwae, na ukijikwaa unaweka kipande chako mahali pa makelele juu ya ubao. Mbili za namna hiyo unazo tangu mwanzo, upende usipende. Pembeni kuna safu ya karata za kununua, na zamu ikiisha nafasi zilizo wazi zinajazwa. Ikitokea karata mpya yenye alama ya joka, vipande vyote vya makelele vinamwagwa ndani ya mfuko wenye vipande vyeusi, unatikiswa, halafu mtu anaingiza mkono. Kikitoka cheusi, salama. Kikitoka cha rangi yako, umeumia. Ukiumia mara 10, umeanguka.

Mfuko huo ndio roho ya mchezo. Katika michezo mingine ya karata watoto wangu walikuwa wakisubiri zamu yao huku wakichezea simu. Hapa hakuna anayeondoka mezani, kwa sababu zamu ya mwenzako inaweza kukuua wewe. Anayechota anapigiwa kelele na wote: “Tosha macho mu mufuko!” (yaani, toa macho mfukoni). Na akitoa rangi ya mdogo wake, vita vinaanza. “Weye njo ulileta makelele, sasa unalia nini?” Kitu ambacho wengi hawakioni mwanzoni: vipande vyeusi vikitoka vinawekwa kando, havirudi mfukoni. Kwa hiyo hatari inapanda kimyakimya, na kila hazina inayochukuliwa inaongeza hasira ya joka, mpaka linachota vipande vingi zaidi kwa mara moja. Zamu za mwanzo unacheka. Za mwisho unashika tumbo.

Hazina kubwa zinaanzia alama 5 za ushindi karibu na juu, mpaka 30 huko chini kabisa. Unaruhusiwa kubeba moja tu, isipokuwa umenunua mfuko wa mgongoni kwa dhahabu 7 sokoni, ambako pia wanauza ufunguo na taji. Ukiangushwa ungali chini kabisa, hupati alama hata moja, mali yako yote ni bure. Ukianguka ukiwa umeshapanda karibu na mlango na hazina unayo, wanakijiji wanakuvuta nje na alama zako zinahesabiwa. Ukitoka kwa miguu yako mwenyewe, unaongezewa 20. Alama 20! Ni nyingi kuliko hazina nyingi zilizomo.

Kaka yangu alilielewa hilo kabla yetu sote. Aliwahi kuchimba madini Kolwezi, kwenye yale mashimo ya mkono, na nadhani mtu kama yeye hahitaji kufundishwa kuondoka mapema. Anashuka, anachukua ile hazina ya 5 au ya 7, anageuka. Watoto wakimwita mwoga anajibu taratibu, “Miye niko naenda, mubaki na mali yenu.” Na akishatoka, mchezo unabadilika kabisa: badala ya kucheza karata, zamu yake sasa ni ya kuliamsha joka, na kila ikimfikia joka linashambulia kwa ukali zaidi. Baada ya zamu chache tu, yeyote aliyebaki ndani anaanguka. Mara nyingi tulimwona akinywa chai yake huku sisi watatu tukigombania njia.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyempatia dawa. Aliacha kununua mapanga, akajaza fungu lake viatu, akawa anafika kwenye hazina za juu kabla ya mjomba wake na kumlazimisha ashuke zaidi. Hapo ndipo nilipoona mchezo una akili, si bahati ya mfukoni tu. Mwenye fungu zito la karata za kupigana anachinja kila kitu njiani, lakini wengine wakianza kukimbia yeye hana miguu.

Upande wa kasoro, kubwa kwetu ni lugha. Sanduku letu ni la Kiingereza, na watoto wa hapa shuleni wanasoma Kifaransa. Alama za viatu na panga hazihitaji kusoma, ila karata nyingi za kununua zina mstari au miwili ya maelezo, na mstari huo ndio wenye faida. Binti yangu, aliyekaa kwa binamu yetu Ndola mwaka mzima wa shule, ndiye msomaji wetu, na mdogo wake wa miaka 9 anamshuku kwamba anatafsiri kwa kujipendelea. (Namshuku pia.) Niliishia kuandika maelezo ya Kiswahili kwenye daftari, karata kwa karata, kazi ya jioni nyingi. Kama nyumbani kwenu hakuna hata mmoja anayesoma Kiingereza, tafuteni nakala ya Kifaransa.

Jambo la pili ni mwanga. Umeme ukikatika na mkabaki na taa ndogo ya sola, kipande cha bluu na cha kijani vinafanana kabisa. Tunampa mmoja nyekundu, mwingine njano, na wa tatu achague; tukiwa wanne tunangoja umeme. Karata nazo hazipendi mikono iliyotoka kwenye bukari (ugali wetu), wala vumbi jekundu la Agosti, hivyo ndoo ya maji inakaa pembeni na asiyenawa hagusi.

Watu watatu ndiyo idadi ninayoipenda. Wakiwa wanne kusubiri kunarefuka kidogo ingawa ugomvi ni mtamu zaidi. Wawili inachezeka, ila makelele yanakuwa machache na mfuko unapoteza kitisho chake; mimi na mume wangu tulijaribu, tukarudi kwenye dama. Kwa mtoto wa miaka 9 inafaa akiwa na mkubwa wa kumsomea, na awe mtoto asiyevunjika moyo, kwani kuangushwa shimoni na kuambiwa una sifuri kunauma. Wetu alilia mara ya kwanza. Siku hizi anapoona damu yake inakaribia kwisha anaanza kupiga makelele makusudi ili joka liwamalize wote.

Sasa wameanza kuniomba Clank! Catacombs, ile ya mwaka 2022 ambayo haina ubao mmoja, mapango yake yanajengwa kwa vipande kadiri mnavyotembea. Nimewakatalia. Ubao tulio nao una pande mbili, na ule wa pili, ulio mgumu zaidi, hawajaushinda hata mara moja bila mjomba wao kutoka wa kwanza.