Kituo cha wazazi cha jimbo letu: nyota nne, ya tano nimeizuia

Hapa Marekani kila jimbo lina kituo cha kuwafundisha wazazi wa watoto wenye ulemavu haki zao shuleni. Serikali kuu ndiyo inayovifadhili vituo hivi chini ya sheria ya elimu maalumu, IDEA, na mzazi halipi kitu. Mimi hata kipato sikuulizwa.

Mwanangu yuko darasa la pili na kusoma kunamshinda. Herufi moja moja anazijua, ukiziunganisha zinamponyoka. Kila nikiulizia tathmini shuleni naambiwa tusubiri, apewe kwanza vipindi vya ziada, na halafu si nyumbani mnaongea Kiswahili? Wanasema hayo kwa tabasamu, unajikuta umeshaaga.

Mshauri wa kituo aliyenipigia ni mama mtu mzima, naye amelea mtoto wa elimu maalumu. Pole hakunipa nyingi. Aliuliza tu kama nimeomba kwa maandishi. Vipindi vya ziada, akasema, viendelee, ila havimpi mtu ruhusa ya kuchelewesha tathmini. Na Kiswahili cha nyumbani si kizuizi: shule ndiyo inayotakiwa kumpima mtoto kwa lugha na njia itakayoonyesha kweli anachokijua.

Tukaja kwenye barua. Nilikuwa na ukurasa mzima, akataka niusome kwa sauti. "Samahani kwa usumbufu" akaifuta. "Kama itawezekana" akaifuta. Pale niliposifia walimu akakaa kimya, nikajua napo pamekwenda. Salamu aliniachia, nashukuru, maana barua isiyo na salamu mimi siwezi kuipeleka popote. Yakabaki maneno machache: naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu, katika kila eneo linalotiliwa shaka, mkikataa, nipeni sababu kwa maandishi. Tarehe juu, nakala kwangu.

Shule ile ile ya "tusubiri" ikanitumia fomu ya ridhaa. Hapo pia simu ya kituo ilinifaa, kwa sababu muda wa shule kukamilisha tathmini unaanza kuhesabiwa ukishasaini: siku 60, isipokuwa kama jimbo limeweka muda wake. Nikisaini na kuirudisha kesho yake, hesabu imeanza. Matokeo yakija na nisikubaliane nayo, ninaweza kudai tathmini huru kwa gharama ya shule. Wakikataa kulipa, wao ndio wa kwenda kujitetea mbele ya msikilizaji wa shauri.

Sasa ile nyota. Kupigiwa simu kulichukua muda hadi nikadhani wamenisahau. Hawa si mawakili, na kukaa nawe kikaoni si jambo la hakika. Anayetaka mtu wa kumgongea meza atafute kwingine. Lakini kilichoniudhi hasa ni mafunzo yao ya mtandaoni: yapo kwa Kiingereza na Kihispania, basi. Mimi Kiingereza nakimudu. Jirani yangu, ambaye mtoto wake ana shida kubwa kuliko wangu, hakimudu, na ilibidi nimweleze mwenyewe kwamba kwenye kikao cha IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, shule ndiyo yenye jukumu la kumletea mkalimani, asimtumie binti yake mkubwa.

Wakiweka somo moja tu la Kiswahili, hata la ile barua peke yake, narudi kuongeza nyota.