Nilibadilisha wakili katikati ya kesi ya utapeli wa biashara: huduma, gharama, na tulivyomlazimisha mdaiwa atoe nyaraka

Habari zenu ndugu zangu. Hii ni review ya huduma ya wakili, ofisi ndogo tu hapa Dar, sitaitaja jina, na ile ya kwanza iliyonipotezea muda sitaitaja pia, nia yangu sio kumharibia mtu kazi. Naandika kwa sababu wakati natafuta wakili wa hii ishu niliulizia kila mahali, nikaambiwa tu "tafuta wakili mzuri", sasa wakili mzuri unamjuaje? Mi nimemjua kwa njia ya gharama kubwa, ngoja niwaeleze.

Kwa kifupi: mwaka 2018 niliweka milioni 120 kwenye kampuni ya vigae na masinki, mzigo wa China, duka Kariakoo, godauni Vingunguti. Nikapewa hisa asilimia 40. Mwenzangu ndio dairekta, ndio msaini wa benki, ndio anayejua klering ejenti (wakala wa kutoa mzigo bandarini), mi nilikuwa mwanahisa tu. Hilo neno "tu" ndo lilikuja kuniliza baadaye, maana kumbe kwa sheria ya makampuni vitabu vya hesabu viko wazi kwa maofisa wa kampuni, dairekta anaweza kuingia akaviona muda wowote, ila mwanahisa wa kawaida hana huo mlango. Nikienda benki kuomba steitimenti naambiwa mama wewe sio msaini. Nikienda kwa mhasibu ananiambia bosi hajaruhusu. Miaka miwili mitatu naambiwa biashara ngumu, mzigo umekaa bandarini, dola imepanda, na huku naona vigae vilevile, chapa ileile, vinauzwa maduka mengine matatu mtaa huohuo.

Wakili wa kwanza tulifungua naye kesi Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, mwaka 2022. Hati ya madai ilikuwa kali kweli, imejaa maneno mdaiwa (ndio huyo mwenzangu) ni tapeli, mdaiwa kala njama, nikasoma nikafurahi, nikajua tumemuweza. Afu akapeleka maombi mdaiwa aamriwe kutoa nyaraka, na mle ndani aliandika, nanukuu maana nakala ninayo, "nyaraka zote zinazohusu biashara ya kampuni". Basi. Mstari mmoja. Upande wa pili wakasimama wakasema huyu anavua samaki, anatupa nyavu baharini aone nini kitanasa, na jaji akakubaliana nao, maombi yakatupwa, ila akatuachia nafasi ya kuleta mengine yaliyonyooka. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Wakili akaniambia usijali tutakuja kuwabana kwenye ushahidi, nikamuuliza kwa karatasi gani? Hakunijibu kitu cha maana. Hapo nilikuwa nimeshamlipa milioni 3 na nusu.

Nikahamia ofisi ya pili mwanzoni mwa 2023. Ni chumba kimoja na korido, wakili ni dada wa miaka kama 35 hivi, karani mmoja, feni inapiga kelele. Nikaanza kulia lia namwambia huyu mtu kaniibia, akanyamaza mpaka nikamaliza, afu akaniambia, "Mama, usiniambie kaiba. Niambie karatasi gani ikitolewa itasema kaiba, na hiyo karatasi imekaa kwa nani." Jamani. Tulikaa pale saa tatu. Akachukua daftari akachora mistari, jina la karatasi, tarehe, iko mkononi mwa nani, na inathibitisha nini. Kila nikisema jambo ananiuliza hilo linaacha karatasi wapi. Kontena likitoka China linaacha BL, yaani hati ya kusafirisha mzigo kwa meli. Likifika bandarini linaacha TANSAD, ile hati ya forodha. Mzigo ukitoka godauni unaacha deliveri noti, karatasi ya kukabidhi mzigo. Ukiuzwa dukani mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inatoa risiti, na jioni inatoa Z ripoti ya siku nzima. Mteja akilipa kwa lipa namba inaacha taarifa ya simu. Nilikuwa kwenye biashara miaka yote hiyo na sikuwahi kuiona hivyo.

Kitu alichonieleza ambacho yule wa kwanza hakuwahi hata kukigusa: ukidai utapeli kwenye kesi ya madai, haitoshi kusema katapeli, lazima uandike kafanya nini, lini, kwa njia gani, na kuuthibitisha ni kazi nzito kuliko madai ya kawaida. Akanitajia kesi ya zamani mno, Ratilal Patel dhidi ya Lalji Makanji, ya mwaka 1957, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, bado mpaka leo majaji wetu wanaitumia, inasema sio lazima ufike kiwango cha kesi ya jinai lakini mizani ya kawaida ya madai nayo haitoshi, inatakiwa zaidi ya hapo. Ndo maana bila nyaraka za mdaiwa mwenyewe ningebaki na maneno yangu dhidi ya maneno yake, na mimi ndo mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Kazi ya kwanza akaenda BRELA, ofisi ya usajili wa makampuni, kufanya upekuzi wa kampuni nyingine, ile niliyokuwa naona jina lake kwenye maboksi ya vile vigae. Dairekta mmojawapo ni mdogo wake mwenzangu, tumbo moja. Akaomba ruhusa ya mahakama kurekebisha hati ya madai, maneno makali yote yakaondoka, yakaingia matukio na tarehe, na hiyo kampuni ya mdogo mtu ikaongezwa kuwa mdaiwa wa pili. Baada ya hapo hakukimbilia mahakamani. Akawaandikia barua wakili wa upande wa pili, orodha ya nyaraka 17 kwa majina, akawapa siku 14. Wakakaa kimya. Nilichukia nikamwambia si nilijua hawatajibu, akasema na mimi nilijua, ile barua ni ya kumwonyesha jaji.

Maombi yenyewe ni chini ya Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, mawakili wanaiita diskavari. Kwa lugha ya dukani ni kwamba mahakama inamwamuru mtu aseme kwa kiapo ana nyaraka gani zinazohusu kesi, zipi alikuwa nazo na sasa hana na zilienda wapi, afu akuruhusu ukazikague na kutoa nakala. Na amri ikishatoka akakaidi kuna rungu, mdaiwa anaweza kufutiwa utetezi wake wote kesi ikaendelea kama vile hajajitetea. Mdai akikaidi naye kesi yake inafutwa, kwahiyo hili rungu linapiga pande zote na aliniambia mapema, mama na wewe lete vyako vyote hata usivyovipenda. Nilikuwa na meseji moja ya WhatsApp ambayo niliandika kwa hasira inanifanya nionekane nilikubali mgao mdogo wa faida. Niliitoa. Iliuma ila niliitoa.

Jaji alitupa 13 kati ya 17. Alikataa taarifa ya simu ya mke wa mwenzangu, akasema yeye sio sehemu ya kesi na hatujaonyesha anahusikaje, na akakataa barua kati ya mdaiwa na wakili wake, hizo ni siri zao kisheria huwezi kuzigusa. Kwa klering ejenti vilevile, hakuwa mdaiwa, diskavari haimfiki mtu ambaye si mhusika wa kesi, yeye tulimfuata kwa njia nyingine, hati ya wito ya kuja na nyaraka. Niliona ni haki kabisa. Na kesi yote iliendeshwa kwa Kiswahili, tangu sheria ilivyobadilishwa 2021, nilikuwa nakaa nyuma naelewa kila neno, sio ile ya zamani wanaongea Kiingereza unabaki kuangalia sura.

Sasa mdaiwa akaleta kiapo chake. Eti deliveri noti na Z ripoti za 2019 mpaka 2021 ziliharibika, godauni liliingia maji kipindi cha mvua. Moyo ulinidondoka. Dada wa watu akasoma mara mbili, akasema sawa, maji ya tarehe ngapi? Walitoa taarifa wapi? Bima ilidaiwa? Mfanyabiashara anatakiwa kutunza kumbukumbu za kodi miaka 5, je waliwajulisha TRA, watu wa mapato? Na data za EFD si zinakwenda TRA moja kwa moja, karatasi ikilowa namba haijalowa. Akaandika hayo yote kwenye kiapo cha majibu, kurasa tatu tu, akaomba mdaiwa aamriwe kutoa kiapo cha ziada. Kikaletwa, na ghafla vitabu vya deliveri noti vikapatikana "kwenye stoo nyingine". Vitabu vilivyolowa vikakauka vyenyewe!

Siku ya ukaguzi nataka niwaeleze vizuri maana sitaisahau. Ilikuwa ofisi ya wakili wao, mezani maboksi manne ya karatasi, tumekaa mimi, wakili wangu, karani wetu, na kijana wa kwao anatulinda tusichukue kitu. Karani anaita namba, anaandika, mimi napiga picha kwa simu. Kitabu cha deliveri noti kina kurasa zimechapwa namba. Tulifika 0450, ukurasa uliofuata ni 0499. Katikati zimechanwa, nakala na kaboni, vimebaki vipande vidogo pale kwenye uzi. Kijana wa kwao akasema labda kitabu kilikuja hivyo. Wakili wangu hakubishana naye, akachukua ile karatasi ya 0499 ambayo ilikuwa tupu haijaandikwa, akawasha tochi ya simu akailaza pembeni ya karatasi, mwanga unapita chini chini, na pale pale yakaonekana makovu ya kalamu kutoka ukurasa uliochanwa. "60x60, katoni 220", na chini yake jina la kampuni ya mdogo mtu. Nilisoma mwenyewe kwa macho yangu. Nilishika mdomo. Dada akamwambia karani andika, kitabu namba fulani, ukurasa fulani, kuna alama, tunaomba orijino itunzwe mahakamani. Sauti yake ileile kama anaagiza chai.

Steitimenti za benki zilikuja na cheti cha ofisa wa benki, zikaonyesha hela ya kampuni ililipa gharama za bandarini kwa kontena tano, na vitabu vya kampuni vina kontena mbili tu. BL za zile tatu zimeandikwa jina la mdaiwa wa pili. Hapo hata mi nisiyesoma sheria nilijua kazi imeisha. Wakili alifaili maombi ya kufuta utetezi wao kwa kuficha nyaraka, na kabla hayajasikilizwa wakaomba kukaa mezani. Nilidai milioni 214, tukamalizana kwa milioni 150 kwa awamu sita, makubaliano yakasajiliwa mahakamani yakawa hukumu, hiyo ilikuwa mapema 2024. Wapo walionilaumu kwamba ningekomaa nipate yote. Nilikuwa nimechoka, nina watoto wa kusomesha, na hela ya mkononi niliihitaji kuliko kesi ya rufaa.

Gharama: milioni 9 kwa awamu tatu, nje ya ada za mahakama na nauli za karani, na kila hela niliyotoa nilipewa risiti. Kuna amri ya ada za mawakili ya mwaka 2015, alinionyesha kabisa bei yake imesimama wapi. Kuonana mara ya kwanza nililipa laki moja, ikaja kukatwa kwenye bili.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya simu. Hawapokei, yaani wiki ya kiapo cha mdaiwa nilipiga mara kumi na kitu, nilikuwa silali, na meseji moja tu "tumeshajibu tulia" ingeniokoa. Nilimwambia uso kwa uso akaomba radhi, akasema anaweka mtu wa mapokezi, sijui kama kashamweka. Pia tarehe moja ya kesi niliipata kwa kuangalia mwenyewe kwenye mfumo wa mahakama mtandaoni, sio kwao.

Kwa mwenye ishu kama yangu, kabla hujaenda kwa wakili yeyote toa kopi za risiti zako za EFD leo hii. Zile karatasi zinafifia. Nilizoweka kwenye dashibodi ya gari zilikuwa nyeupe kabisa, kama hazijawahi kuandikwa, risiti za milioni 18 ambazo hatukuweza kuzitumia popote, na hakuna jaji wa kunirudishia zile.