Kuchagua Mtoa Huduma wa Barua Pepe: Tathmini Baada ya Kufungiwa Nje

Nywila niliikumbuka barabara, bila kukosea herufi hata moja, lakini akaunti haikufunguka. Nilikuwa nimebadilisha namba ya simu mwaka mmoja kabla, nikasahau kuibadilisha kwenye mipangilio ya barua pepe, na siku nilipojaribu kuingia kwa kompyuta mpya, mtoa huduma wangu wa wakati ule alituma msimbo wa uthibitisho kwenye namba ambayo sikuwa nayo tena. Ukurasa ulinijibu kwa sentensi moja: hatuwezi kuthibitisha kwamba akaunti hii ni yako. Nilijaza fomu ya kurejesha akaunti mara saba, na mara zote saba nikapata jibu lile lile lililoandikwa na mashine, lisilo na jina la mtu wa kuzungumza naye. Siku ya kumi na nne nilikuta tableti ya zamani ndani ya droo, nikaichaji, nikaona kwamba haikuwahi kutolewa kwenye akaunti, na hapo hapo, mikono ikinitetemeka, nikabadilisha namba.

Ndani ya siku hizo ndipo nilipoelewa uzito wa kitu nilichokuwa nimekichagua kwa dakika mbili, miaka kumi na mmoja nyuma, kwa sababu tu rafiki zangu walikuwa nacho. Benki, bima, picha za familia, maombi ya kazi, vyote vilikuwa vikiitambua anwani ile kama mimi mwenyewe, na kila nilipobonyeza mahali palipoandikwa "umesahau nywila?", kiungo cha kuweka nywila mpya kilitumwa kule kule nisikoweza kufika. Anayeshika kikasha chako cha barua pepe ameshika funguo za milango yako yote. Kwa hiyo tathmini hii, ninayoiandika baada ya kutumia huduma tano kwa zaidi ya mwaka mmoja, naianza na swali ambalo sikuwahi kujiuliza hapo awali: nikitaka kuhama, nitaondoka na nini?

Namba ya simu, katika nchi nyingi, huweza kuhamishwa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Anwani ya barua pepe inayoishia kwa jina la kampuni haihami kamwe. Sehemu iliyo baada ya alama ya @, alama ambayo mhandisi wa kompyuta Ray Tomlinson aliitumia mwaka 1971 kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake, ndiyo inayoamua barua ipelekwe kwa nani, na ikiwa sehemu hiyo ni mali ya kampuni, wewe ni mpangaji tu, hata kama umekaa miaka ishirini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Dawa yake ni kusajili kikoa chako mwenyewe, yaani jina la intaneti lililo lako la kukaa baada ya alama ya @, kisha kumlipa mtoa huduma yeyote umpendaye akupokelee barua kwa jina hilo. Kikoa kina rekodi fupi iitwayo MX, ambayo huzielekeza seva (kompyuta zinazosafirisha barua) za dunia nzima mahali pa kupeleka barua zako. Siku utakapohama, utabadilisha rekodi hiyo peke yake, na waandikiao wako hawatajua kwamba kuna kilichobadilika. Ni kweli kwamba kikoa nacho hulipiwa kwa muda, na ukisahau kukilipia mtu mwingine anaweza kukisajili na kuanza kupokea barua zako. Kikoa cha .com huweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo, nami nimefanya hivyo, kisha nikaiandika tarehe ya mwisho wake kwenye daftari la karatasi.

Anayedhani hofu hii ni ya kubuni na aangalie yaliyoipata Skiff. Ilikuwa huduma nzuri ya barua pepe zilizosimbwa, yaani zilizogeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, iliyosifiwa na wengi waliojali faragha, lakini Februari 2024 ilinunuliwa na kampuni ya Notion, na Agosti mwaka huo huo ikafungwa. Waliokuwa na vikoa vyao walihamisha rekodi na kuendelea na maisha. Waliotumia anwani ya Skiff yenyewe walilazimika kuzunguka tovuti moja baada ya nyingine wakibadilisha anwani.

Nikija kwenye huduma zenyewe, Gmail haiwezi kurukwa, kwa kuwa ndiyo ambayo karibu kila mtu anaifahamu. Ilizinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikitoa GB 1 ya hifadhi wakati ambapo wengine walikuwa wakitoa megabaiti za kuhesabika, na kwa uzoefu wangu chujio lake la barua taka pamoja na wepesi wake wa kutafuta barua ya miaka mingi iliyopita bado havijapata mpinzani. Leo hutoa GB 15 bila malipo, ila nafasi hiyo huchangiwa na Google Drive na Google Photos, na hili watu wengi hulijua siku picha zinapojaa na barua zinapoacha kuingia. Mwaka 2017 Google ilitangaza kwamba haitasoma tena yaliyomo katika barua ili kulenga matangazo, nami nalihesabu hilo kuwa ni hatua njema, ingawa matangazo yenyewe bado yapo ndani ya kikasha. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba akaunti moja imebeba barua, faili, picha, simu ya Android na YouTube kwa pamoja, kwa hiyo likizuka tatizo katika kimoja, vyote viko hatarini. Aidha, akaunti isiyotumika kwa miaka 2 huweza kufutwa. Atakayebaki Gmail namsihi atumie huduma ya Google Takeout angalau mara moja kwa mwaka kupakua barua zake zote. Hutolewa katika faili la mbox, ambalo programu nyingi huweza kulifungua.

Outlook.com, mrithi wa Hotmail iliyoanza mwaka 1996, inamfaa anayeshinda ndani ya Word na Excel. Kwa mwingine yeyote sikuona sababu ya kuichagua badala ya Gmail.

Proton Mail ndiyo niliyoitamani zaidi, na ndiyo iliyonifanya nifikiri zaidi. Ilianzishwa na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014, na makao yake yako Geneva, Uswisi. Barua zako huhifadhiwa zikiwa zimesimbwa kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haina, na mtu wa Proton akimwandikia mwenzake wa Proton, barua husimbwa tangu kifaa cha mwandishi hadi kifaa cha msomaji. Ni kazi ya kupigiwa mfano, lakini mtu anapaswa kuelewa mipaka yake kabla ya kuhama. Barua inayotoka Gmail hufika kwenye seva za Proton ikiwa inasomeka, ndipo isimbwe kwa ajili ya kuhifadhiwa, na nakala yake ya kwanza inabaki kule Gmail kama kawaida. Kichwa cha barua, yaani ule mstari wa mada, hakisimbwi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo usiandike "Matokeo ya vipimo vyangu vya damu" kwenye mstari huo ukidhani umefichika. Mwaka 2021 Proton ilitii amri ya kisheria ya Uswisi na kurekodi anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) ya mwanaharakati mmoja nchini Ufaransa. Yaliyomo katika barua zake hayakuweza kutolewa, kwa sababu ufunguo haukuwa mikononi mwao. Kwangu tukio hilo linaonyesha kwa usahihi kile ambacho usimbaji unakilinda na kile usichoweza kukilinda.

Usimbaji huo una gharama katika matumizi ya kila siku. Kwa kuwa seva haiwezi kusoma barua zako, haiwezi pia kuzitafutia maneno yaliyomo ndani, hivyo kazi hiyo hufanywa na kifaa chako baada ya kupakua barua na kujitengenezea faharasa. Anayetaka kusomea barua ndani ya Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, hulazimika kusakinisha programu ya ziada iitwayo Bridge, ambayo hutolewa kwa wanaolipia. Mwandishi wa habari, wakili, au mtu yeyote ambaye barua zake zikisomwa anaweza kudhurika, asisite hata kidogo. Hizo ni gharama ndogo mno kwake.

Tuta, ya Hannover nchini Ujerumani, iliyokuwa ikiitwa Tutanota hadi mwaka 2023, huenda mbele zaidi kwa kusimba hata mstari wa mada. Hata hivyo, haikubali kabisa IMAP, itifaki (utaratibu wa mawasiliano) inayoruhusu programu yoyote ya barua kusoma kikasha chako, kwa hiyo utatumia programu zao peke yake, na akaunti ya bure usiyoiingia kwa miezi 6 hufutwa. Kwa mtu anayeuliza ataondoka na nini, hayo mawili yanatosha kumfanya afikiri upya.

Nilikofikia ni Fastmail. Hii ni kampuni ya Melbourne, Australia, iliyoanza mwaka 1999, isiyo na akaunti za bure wala matangazo, na ambayo chanzo chake cha mapato ni ada ya mteja. Inakubali kikoa chako, inakubali IMAP bila programu ya ziada, na wahandisi wake walishiriki kuandika JMAP, itifaki mpya ya barua iliyokubaliwa kuwa kiwango cha wazi mwaka 2019. Kabla sijalipa niliwaandikia swali kuhusu namna ya kurejesha akaunti mtu akipoteza simu. Nilijibiwa na mtu, aliyeweka jina lake chini ya barua, aliyelisoma swali langu na kulijibu nilivyouliza, na baada ya zile fomu saba sikuhitaji ushawishi mwingine. Lazima niseme wazi kwamba Fastmail haina usimbaji wa aina ya Proton, na kampuni ikiamriwa na sheria inaweza kuzifungua barua zako. Nimelikubali hilo kwa sababu kilichowahi kuniumiza mimi ni kufungiwa mlango, na kila mtu anapaswa kupima hatari yake mwenyewe kabla ya kufuata chaguo la mwingine.

Kuhama kwenyewe kulinichukua majuma matatu, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya kiufundi. Nilifungua daftari nikaandika kila huduma inayoitumia anwani yangu. Zilifika 94, na 20 kati ya hizo sikukumbuka kabisa kwamba niliwahi kujisajili. Rekodi za kikoa zilikuwa kazi ya jioni moja: MX kwa ajili ya kupokea, kisha SPF na DKIM, ambazo huwathibitishia wapokeaji kwamba barua imetoka kwako kweli. Usiziruke hizo mbili za mwisho, kwa maana bila hizo barua zako zinaweza kuishia kwenye folda ya taka za watu. Nilijitumia barua yenye neno moja, "Jaribio", kwenda kwenye anwani ya zamani, nikafungua vichwa vyake kamili, yaani maelezo ya kiufundi yanayosafiri na kila barua, na katikati ya ule msitu wa herufi nikakuta maneno dkim=pass, yaani ukaguzi wa DKIM umefaulu. Hapo ndipo nilipoanza kuwapa watu anwani mpya.

Kuhusu ulinzi, nilibadilisha mambo matatu usiku ule ule. Niliacha kutegemea misimbo ya SMS na kuweka programu inayotengeneza misimbo ndani ya simu pamoja na funguo mbili za USB, vifaa vidogo vya kuthibitisha kwamba anayeingia ni mimi, moja ikikaa nami na nyingine ikikaa kwa dada yangu. Nilichapisha misimbo ya dharura kwenye karatasi. Na akaunti ya kampuni niliyosajilia kikoa nimeiwekea anwani nyingine ya barua pepe, isiyotumia kikoa hicho hicho, kwa sababu kikoa kikipata hitilafu, barua za kukirejesha zingekuwa zinatumwa mahali pasipofikika.

Anwani ya zamani sijaifunga. Naingia humo kila mwezi ili isihesabiwe kuwa imeachwa, na barua zinazofika huko hupelekwa zenyewe kwenye kikasha kipya, ambako huangukia kwenye folda yake ya pekee. Kila nikiona humo jina la huduma niliyoisahau, naibadilisha siku hiyo hiyo na kuikata kwenye daftari. Kati ya zile 94, zimebaki tatu.