Eti mpangaji hana maafa! Uzoefu wangu na misaada ya mafuriko Unguja

Jambo hili ninalo rohoni tokea masika, na kila nikilikumbuka usingizi unakata. Leo naliandika, atakayekereka na akereke.

Kwanza niseme, wanaouliza kama misaada ya mafuriko huku kwetu inafika, inafika. Mchele ulikuja, mafuta ya kupikia yalikuja, sabuni na magodoro vilishushwa kwenye gari mie natazama. Kasheshe yangu ni mtu mmoja aliyekalishwa na daftari.

Sisi tunakaa bondeni. Mtaa siutaji, mji wenyewe mdogo na watu tunajuana. Mvua ilishika baada ya isha, ikifika alfajiri maji yapo usawa wa kitanda na karo la jirani limefumuka, yote yamekuwa kitu kimoja. Wenzangu wa Mwanakwerekwe na Sebleni hawana haja ya kuelezwa harufu yake. Ile mitaro mikubwa ya ZUSP, ule mradi wa huduma za miji Zanzibar, imesaidia, silikatai hilo, lakini pale ambapo mtaro haukufika maji hayapigi hodi.

Sasa utaratibu unavyokwenda: ukifikwa na maafa unaanzia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaani. Yeye na kamati ya maafa ya shehia ndio wa kuandika waliofikwa, majina yapande wilayani na juu zaidi, mpaka Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, ile ya sheria ya 2015. Kwenye karatasi ni jambo zuri kabisa. Ila siku ile waliokuja kugawa walikuwa jumuiya moja ya misaada, na kijana wao ndiye aliyeshika kalamu kwenye uwanja wa skuli. Fulana yake mpya, bado ina mikunjo ya pakiti. Miwani ya jua kaipandisha kichwani, na mawingu yale!

Nikamwambia, "Assalamu alaikum, mwanangu." Hakuitikia. Kanyoosha mkono tu, kitambulisho. Nikampa Kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi, bado kimeroa. Akauliza nyumba ya nani. Nikamwambia tumepanga chumba na ukumbi. Akafunika kalamu.

"Mpangaji hana maafa, bibi. Maafa ya mwenye nyumba."

Wallahi nilidhani mzaha. Nikamuuliza, mwenye nyumba kaharibikiwa na nini? Kuta zake zimesimama pale pale. Godoro lililooza ni langu, unga uliogeuka uji ni wangu, cherehani iliyolala ndani ya maji ni yangu na ndiyo inayotulisha, madaftari ya skuli ni ya wanangu. Mwenye nyumba anakaa ghorofani Michenzani, maji yamfikie wapi? Akanijibu bila kuniangalia, "Nyinyi wapangaji mnahamahama, tukikuandikeni mnachukua huku na kule. Rudi kwenu shamba." Mama yangu mzazi kasimama nyuma yangu, kashika fimbo yake, anasikia kila neno.

Basi lililoandikwa ni jina la mwenye nyumba, na magodoro akapewa yeye. Haki ya Mungu nimseme kwa wema pia: magharibi alikuja mwenyewe, godoro moja kalibeba kichwani, uso umemshuka, akasema, "Hili lako, bibie, mie nimeona haya." Nikamuombea dua pale pale. Mwisho wa mwezi akaja kudai kodi kamili, hakupunguza hata shilingi. Ile dua siirudishi, lakini kidogo niiombe irudi.

Sheha ndiye anayenichanganya. Usiku ule wa mvua nilimuona kwa macho yangu yumo majini kiunoni na tochi mdomoni, kambeba ajuza wa nyumba ya pili mgongoni. Mtu wa namna hiyo utamsema nini? Halafu siku ya daftari alikuwa kiti cha pembeni ya yule kijana, kayasikia yote, akawa anachezea simu. Nilikuja hapa kumpa sifuri na naona mkono hauandiki. Lakini nikimkumbuka na ile simu yake... basi, sijui. Apewe nusu, na nusu yenyewe ni ya ile tochi.

Walionifaa hawakuwa na daftari. Vijana wa maskani waliazima pampu wakatoa maji chumba kwa chumba. Mafuta ya pampu tulichanga, na pesa ya pensheni jamii ya mama, ile waliyoianzisha 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ndiyo iliyotununulia mchele. Fundi wa cherehani kafungua mota, kaikausha juani, akakataa malipo. Na watu wa afya walipopita kugawa dawa ya kutia kwenye maji ya kunywa (aliyeuona kipindupindu cha 2015 na 2016 hapa hachezi na maji ya kisima), waliuliza swali moja tu mlangoni: humu mnalala wangapi? Hawakuuliza kodi analipa nani. Hao nawapa alama zote, na nyota nyengine juu yake.

Ile jumuiya? Nilishasema mchele wao mzuri, na ni kweli, jirani alinigaia nikaula. Lakini msaada wa kudhalilishwa mbele ya mama yangu, bora njaa. La, nisikufuru. Mwenye watoto asiseme bora njaa. Nendeni mkapokee, ila nendeni na akili.

Kama umepanga na unakaa bondeni, kabla masika hayajaanza mwambie sheha wako akuandike kwa kaya, siyo kwa nyumba. Kitambulisho kitie kwenye mfuko wa nailoni ukiweke juu ya kabati. Maji yakiingia, piga picha kabla hujaanza kufagia. Na ukitokea kuambiwa mpangaji hana maafa, usigombe, wala usilie. Mwambie akuandikie maneno hayo hayo kwenye karatasi, apige na muhuri. Hataandika.