Nakala za picha za vita za Kurz & Allison: zinafaa pesa yako?

Nimenunua nakala tatu za picha za rangi za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, zile zilizochapwa zamani na kampuni ya Kurz & Allison ya Chicago: Antietam, Fort Wagner na Fort Pillow. Niliagiza mtandaoni kwa muuzaji wa mabango, zikaja zimeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, hazina mkunjo hata mmoja. Karatasi ni nzito na haing'ai. Kwa upande huo sina neno.

Kwa asiyezijua: Louis Kurz alikuwa mhamiaji kutoka Austria. Kampuni ya uchapaji aliyoshiriki kuianzisha iliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa 1871. Mwaka 1880 akaungana na Alexander Allison, na kati ya 1884 na 1894 wakatoa mfululizo wa picha 36 za mapigano ya vita hivyo. Kila rangi ilichorwa kwenye jiwe lake, karatasi ikapitishwa jiwe baada ya jiwe mpaka picha ikakamilika. Rangi moja ikihama kidogo tu, uso wa askari umeharibika. Nakala nzuri basi huacha zile chembe ndogo za wino zionekane ukisogea karibu. Ya Antietam inazo. Ya Fort Pillow imelainishwa na kompyuta mpaka moshi wa mizinga umekuwa kama pamba ya godoro, na hilo limeniudhi.

Tuje kwenye picha zenyewe. Usizinunue ukidhani unanunua shahidi. Naishi Maryland, na daraja la Burnside pale Antietam nimelivuka kwa miguu. Ni la mawe, lina matao matatu, jembamba, na ng'ambo yake kuna mwinuko ambako askari mia kadhaa wa Georgia, wa upande wa Kusini, walijibanza wakalizuia jeshi la Kaskazini kwa karibu saa tatu. Kwenye picha wanajeshi wanamiminika darajani kana kwamba ni gwaride la sherehe, sare safi, bendera zimetanuka vizuri. Siku hiyo, 17 Septemba 1862, watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Mchoraji amewapa maiti nafasi za heshima, kila mmoja mahali pake. Lakini soko lake kubwa lilikuwa wazee waliopigana na familia zao, na mzee gani atatundika kuhara na matope sebuleni?

Niliyoipenda kuliko zote ni Fort Wagner. Jioni ya 18 Julai 1863, kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi chini ya maafisa weupe, kilishambulia ngome ya mchanga karibu na Charleston, Carolina ya Kusini. Kamanda wao, Kanali Robert Gould Shaw, yuko juu ya ukuta na upanga wake, ndipo anapouawa. Shambulio lilianza giza likiingia, ila hapa kila kitu kinaonekana wazi. Sawa tu, nani angenunua picha nyeusi? Kilichonivutia ni tarehe: ilitoka 1890, mwaka uleule Mississippi ilipoandika katiba mpya ya kuwanyima weusi kura. Na kumbe kuna duka Chicago linauza picha ambayo weusi ndio washambuliaji, wako katikati, si wabeba maji wala wachimba mitaro. William Carney, aliyeiokoa bendera ya kikosi usiku ule, alisubiri hadi 1900 ndipo akapewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi Marekani.

Fort Pillow nimeitundika chumba cha kusomea, wala si sebuleni. Ni mauaji ya 12 Aprili 1864 huko Tennessee, ambako wanajeshi wa Jenerali Nathan Bedford Forrest wa Kusini waliwaua askari weusi wengi waliokwisha kujisalimisha. Watoto wangu bado wadogo, na maswali yake yanahitaji mtu aliyekaa kitako ayajibu.

Malalamiko makubwa ni kwamba muuzaji amekata ukingo wa chini ili picha ziingie kwenye fremu zake za kawaida. Pale ndipo palipoandikwa jina la pigano, tarehe na kampuni, kwa hiyo mgeni asiyejua hawezi kutofautisha Antietam na pigano lingine lolote. Karatasi za asili zilikuwa na ukubwa unaokaribia inchi 22 kwa 28. Ukiagiza, uliza kwanza kama ukingo upo.

Natoa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za Kurz. Picha ya nne nikiitaka nitaichapisha mwenyewe: Maktaba ya Bunge la Marekani inazo picha hizi kwenye tovuti yake, hakimiliki ilishakwisha, faili kubwa unapakua bure pamoja na ukingo wake wote. Unaipeleka kwa mtu mwenye printa pana, unamwambia karatasi isiyong'aa, na unamkataza kugusa rangi.